Orodha ya Wageni wa Meya

Meya aliyechaguliwa na mji wake huku wapiga kura wakijua kwamba anaishi na mwanamume mwenzake huenda aliangushwa na cheo cha uongo, kilichoandikwa kwenye orodha ya wageni wa chakula cha mchana hapa Guangzhou. Hakikuandikwa na wapinzani wake. Nilikiandika mimi, kwa kalamu ya wino wa buluu, na nilipokuwa nakiandika nilijiona mtu mwenye busara.

Nimestaafu, na wadogo zangu mliobaki kwenye ukalimani mmeniomba niandike niliyoyaona. Habari za kupanda vyeo sina, kwa kuwa ofisi yetu ilikuwa na watu watatu na cheo kimoja, na mwenye cheo hicho ndiye aliyefagia. Nitaeleza kazi, kwa mpangilio, mpaka nifike kwenye orodha ile.

Kwetu ni Tanga. Nilikuja China kusomea uhandisi wa nguo kwa ufadhili, nikakaa miaka kadhaa kaskazini kwenye baridi, nikitegemea kurudi nyumbani kwenye kiwanda kilichokuwa kinanisubiri. Kiwanda kikafungwa kabla sijamaliza mtihani wa mwisho. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwanafunzi mwenzangu akaniambia kwamba Guangzhou, eneo la Xiaobei, kuna Mchina anatafuta mtu wa Kiswahili, Kichina na Kiingereza. Nikapanda treni.

Nilimkuta ghorofa ya tatu, juu ya wakala wa mizigo, kwenye chumba chenye meza mbili na feni iliyokuwa ikigeuka upande mmoja tu. Aliitwa Liang. Ujanani alikuwa mkalimani wa mafundi wa reli huko kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini Mbeya, kizito, chenye methali nyingi kuliko mahitaji.

"Karibu, mama. Umekula?"

"Nimekula, Mwalimu."

"Treni imeingia saa moja iliyopita. Umekula wapi?"

Akanisogezea bakuli la uji wa mchele.

"Mgeni akisema ameshiba, mwenyeji asadiki," akasema. "Lakini mkalimani akisema, nataka kujua ni kweli. Kula."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumpeleka Bwana Hemedi, mfanyabiashara wa Kariakoo, kwenye maduka ya jumla ya viatu pale Zhanxi, karibu na stesheni. Hemedi alichukua kiatu, akakikunja, akakinusa, akaniambia kwa sauti ya kuridhika: "Mwambie laobani wake, viatu hivi vinanuka gundi kama karakana ya seremala mlevi, na mtu akivivaa msikitini atafukuza waumini."

Nikamgeukia mwenye duka nikasema: mgeni anauliza kama kuna aina nyingine.

Mwenye duka akatabasamu, akaleta aina nyingine. Hemedi hakujua neno la Kichina zaidi ya laobani, yaani mwenye duka, ila alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hupima. "Dada Mwanaidi," akasema, "maneno yangu yalikuwa marefu. Yako mafupi. Mengine umeyaweka wapi?"

Jioni nilimsimulia Mwalimu Liang nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniandikia kanuni mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Ya kwanza: anayezungumza akisema "mimi", nawe sema "mimi", usiseme "anasema kwamba". Ya pili: usitie sukari.

"Sokoni nitakusamehe," akasema. "Sokoni kila mtu anajua kwamba mwenzake ametukanwa kidogo. Siku ukifika mbele ya karatasi, sukari yako itakuwa ushahidi."

Nilishika kanuni ya kwanza. Ya pili niliishika Jumatatu na kuiacha Jumanne. Msinihukumu upesi. Kule Shahe, ambako nguo za bei ya chini zilianza kuuzwa alfajiri na mikokoteni ilikupita kwenye vifundo vya miguu, Mzanzibari mmoja aliweza kumwita mama wa Kichina jina ambalo lingevunja biashara ya mwaka mzima, na mama yule naye akajibu jambo ambalo nashukuru hakuna kamusi iliyolibeba. Mimi katikati nilimgeuza kila mmoja wao kuwa mgeni mwungwana. Mizigo ilifungwa, watu walipeana mikono. Tabia ikaniingia. Kwa wanaoanza: vifaa vyangu vilikuwa daftari dogo linalofunguka kwa juu, penseli mbili kwa sababu unyevu wa huku huvujisha kalamu, na viatu vya soli nene. Kichwa kilikuwa cha nne, na siku nyingi sikukitumia sana kama viatu.

Basi ikaja kazi ya Meya.

Ofisi moja ya mapokezi ya wageni, ambayo ilitupa kazi za Kiingereza mara chache na ambayo Mwalimu Liang aliihusudu, ilikuwa inapokea ujumbe wa mji mdogo wa bandari kutoka kaskazini mwa Ulaya. Walitaka kutia saini mkataba wa urafiki na kushirikiana kwenye mambo ya vivuko. Mwalimu alikuwa na kikohozi kibaya wiki ile, akaniambia niende peke yangu.

Faksi iliyotoka kwenye mji ule ilikuwa na majina saba. Sita yalikuwa na vyeo. La saba lilikuwa Tomas, na mbele yake, kwa Kiingereza kisicho na kona yoyote, iliandikwa kwamba huyu anaishi na Meya, wanaishi kama watu waliooana, na safari anajilipia mwenyewe. Niliisoma mara mbili. Hapakuwa na kitu cha kutoelewa.

Mwenye kupanga wageni pale ofisini aliitwa Bwana Qiu, mtu mpole, nadhifu, anayechonga penseli kabla ya kuitumia na baada ya kuitumia. Aliniwekea fomu yenye safu nne: jina, umri, cheo, meza. Kwenye chakula cha wageni rasmi, mtu hakai anapotaka. Mgeni mkuu hukaa kulia kwa mwenyeji, mwenzi wa mgeni hukaa karibu na mwenzi wa mwenyeji, wanaofuata hufuata, na cheo ndicho kinachomwonyesha mtu kiti chake.

"Huyu wa saba hana cheo," akasema Bwana Qiu. "Asiye na cheo siwezi kumpa meza. Ni nani?"

Ningeweza kumsomea faksi. Nilimtazama Bwana Qiu na penseli yake, nikaona jinsi atakavyopata taabu, atakavyolazimika kupanda ngazi kumwuliza mkubwa wake, na mkubwa wake kumwuliza mwingine. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba sikutaka maneno yale yatoke kinywani mwangu mimi, binti wa Kiislamu wa Tanga, mbele ya mtu ninayemheshimu.

"Katibu wa Meya," nikasema. Na kwa kuwa mwandiko wangu wa herufi za Kichina alikuwa akiusifu, akanipa karatasi niandike mwenyewe.

Siku tatu baadaye niliwapokea uwanja wa ndege. Meya alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkaguzi wa vivuko kwa taaluma, mwenye tabia ya kutazama chini ya madaraja yote tuliyopita. Tomas alikuwa mfupi, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza piano. Kwenye gari udadisi ulinishinda. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akinituma msibani ili nimletee habari kamili.

"Samahani, Mheshimiwa," nikamwuliza, "watu wa mji wako walijua kabla ya kukupigia kura, au walijua baadaye?"

Hakukasirika. Nadhani alikuwa amezoea maswali mabaya zaidi. "Walijua. Mji ni mdogo. Tomas amefungua piano za nusu ya nyumba zao."

"Na kwenye kampeni walikuuliza?"

"Waliniuliza kuhusu taa za gatini. Kila mkutano, taa za gatini."

"Hakuna aliyekutukana?"

"Wapo." Alifikiri kidogo. "Na kuna bibi mmoja aliniambia mlangoni kwake: jambo lako silipendi, lakini nimewaandikia barua madiwani kumi na wewe peke yako ndiye uliyejibu."

"Alikupigia kura?"

"Hakusema. Sikumwuliza."

Tomas akaingilia kutoka kiti cha nyuma: "Mimi nilimwuliza. Alisema nimalize piano yake kwanza."

Nikauliza kama wako wengine kama yeye kwenye vyeo huko duniani. Akasema anaofahamiana nao, waliochaguliwa huku watu wakijua, wangetosha kuizunguka meza moja, na nusu yao hawaelewani kisiasa. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulipima uzito wake wakati ule: "Watu hutusamehe kuwa hivi tulivyo. Hawatatusamehe tukificha. Kwa hiyo kila karatasi yangu lazima iwe safi kuliko ya mwingine."

Hapo nilipaswa kusimamisha gari. Nilitazama dirishani.

Chakula kilikuwa kesho yake saa sita mchana, kwenye ukumbi wenye meza tatu za mviringo. Mwenyeji alikuwa Madamu Peng, naibu mkurugenzi, mama wa makamo mwenye sauti ndogo ambayo watu wote walinyamaza kuisikiliza. Kulia kwake Meya. Kushoto kwake mumewe, mhandisi mstaafu wa mabomba ya maji, na kando ya mumewe kiti cha mwenzi wa mgeni, ambacho Bwana Qiu alikuwa amekiondoa kwa kuwa kwenye orodha hapakuwa na mwenzi. Tomas alipelekwa meza ya tatu, pamoja na makatibu na madereva. Nilimwona Meya akimfuata kwa macho. Pengine alidhani ndiyo desturi ya wenyeji, na mgeni hakosoi desturi kabla ya supu.

Lililonifichua halikuwa kiti. Ni kwamba kwenye ofisi ile, kumbukumbu za mazungumzo hutiwa saini fupi pembeni mwa kila ukurasa na makatibu wa pande mbili, kabla wakubwa hawajatia saini zao mwishoni. Samaki alipokuwa analetwa, Tomas alinijia nyuma ya kiti changu akiwa ameshika kalamu.

"Mwanaidi, yule bwana mpole ananiletea kurasa nitie saini. Mbili nimeshatia, nilidhani ni kitabu cha wageni. Ya tatu nimeona ina jina la mji wetu na mhuri. Mimi hutengeneza piano. Kwa nini natia saini?"

Nikainama kwenye sikio la Meya.

"Mheshimiwa, kwenye orodha Tomas ameandikwa katibu wako. Ndiyo maana wanampa kurasa."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Faksi yetu haikusomeka?"

"Ilisomeka."

Aliweka vijiti vyake chini taratibu, kimoja kando ya kingine. "Basi kwa nini?"

"Nilitaka kurahisisha."

"Kwa ajili ya nani?"

Alinieleza kwa sauti ya chini, bila hasira, jambo lililokuwa mbele yetu. Kwenye baraza lake kulikuwa na watu waliosubiri karatasi moja tu. Mtu asiye mwajiriwa wa mji ametajwa kuwa mtumishi wa mji, ametia saini kwenye hati za mji, na ni mtu wa nyumbani kwa Meya. Hakuna atakayeuliza habari za mapenzi. Watauliza habari za hati.

"Nitasimama," akasema. "Tafsiri kila neno."

Akasimama na glasi ya chai. Alishukuru kwa samaki, kwa daraja la jana, kwa uvumilivu wa wenyeji. Kisha akasema, na mimi nikasema baada yake kwa Kichina, kwa kanuni ya kwanza ya Mwalimu Liang: "Kwenye orodha yenu kuna kosa, na si la kwenu. Tomas si katibu wangu. Mimi na Tomas tumeishi pamoja kwa miaka kumi na moja. Watu wa mji wangu wanalijua hili, na walinichagua. Mimi naomba nanyi mjue, na kurasa alizotia saini ziandikwe upya."

Nimesema "mimi" kwa niaba ya wauza ndizi, mapadri na majenerali. Siku ile ndiyo nilisikia uzito wa neno hilo. Meza zote zilinitazama mimi, si yeye.

Madamu Peng hakufanya haraka. Alimaliza kutafuna. Akamwambia mhudumu jambo ambalo halikuhitaji mkalimani: kiti. Kikaletwa, kikawekwa kando ya mumewe, mahali pale pale Bwana Qiu alipokiondoa. Kisha akanigeukia: "Mwulize bwana huyu, kati yao nani anapika?"

Nikauliza. Tomas akajibu, "Mimi. Yeye huchoma sufuria."

"Kama huyu wangu," akasema Madamu Peng, na mhandisi wa mabomba akainamisha kichwa kukiri. Chakula kilichobaki mhandisi alikitumia kumwuliza Tomas kuhusu nyuzi za piano, zinavutwa kwa nguvu kiasi gani, zikikatika zinaruka upande gani. Sijawahi kufanya kazi ngumu ya msamiati kama ile. Bwana Qiu alizikusanya zile kurasa mbili, akaziingiza kwenye mkoba wake na kusema zitachapwa upya. Hakunitazama. Alichonga penseli.

Habari ilifika Xiaobei kabla yangu. Kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu wa kaskazini-magharibi, ambako sisi wa Afrika Mashariki tulikula kwa kuwa nyama yao ilikuwa halali, Hemedi alikuwa ameniwekea nafasi ili anihoji vizuri.

"Dada Mwanaidi, ni kweli ulikula meza moja na meya anayekaa na mwanamume?"

"Nilikula samaki."

"Sasa nieleze, maana nimewaza tangu adhuhuri. Kwetu mke wa mkubwa hufungua shule za chekechea. Huyo bwana hufungua nini?"

"Piano."

Bi Salma, Mzanzibari aliyekuwa akinunua vitenge na kuzungumza pale tu ilipolazimu, aliweka kijiko chini. "Aliwaficha watu wake?"

"Hakuwaficha, shangazi. Walijua kabla."

"Dini yangu siiuzi, na jambo lake silitaki," akasema. "Lakini diwani wangu ana wake watatu kwa halali kabisa, na maji aliyotuahidi sijayaona. Huyo wako taa za gatini aliziwasha?"

Nilikiri kwamba sikuuliza. Hemedi akacheka mpaka akapaliwa. Bi Salma hakucheka. Alitaka kujua kweli.

Miezi kadhaa ikapita. Kisha ikaja barua, si kwa ofisi ya mapokezi, bali kwetu ghorofa ya tatu. Ilitoka kwa kamati ya ukaguzi ya baraza la mji ule. Walikuwa na nakala ya orodha ya wageni yenye neno katibu, na nakala za kurasa mbili zenye saini ya Tomas. Walitaka kujua jambo moja, kabla baraza halijapiga kura juu ya Meya: je, cheo hicho kilitolewa na Meya, au na ujumbe wake, au na mtu mwingine?

Kurasa zilizotakiwa kuchapwa upya zilikuwa zimefika Ulaya. Nani alizituma, na kwa nia gani, barua haikusema.

Nilimpelekea Mwalimu Liang. Kikohozi kilikuwa kimebaki naye kama mpangaji. Alisoma, akavua miwani.

"Nikiandika kwamba ni mimi," nikasema, "ofisi ya mapokezi itasoma kwamba tuliwapa orodha ya uongo. Hawatatuita tena."

"Hawatatuita."

"Naweza kuandika kwamba kulikuwa na kutoelewana."

"Kulikuwa nako?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi andika ulichofanya, mwanangu. Usiandike ulichokusudia, hicho hakuna aliyekuuliza."

Niliandika nusu ukurasa. Kwamba faksi ilisomeka. Kwamba niliandika katibu kwa mkono wangu, bila kuuliza upande wa Meya. Kwamba Meya alipojua, alisahihisha hadharani mbele ya meza tatu, na mimi ndiye niliyetafsiri. Nikatia saini, Mwalimu akatia ya kwake chini ya yangu ingawa hakuwapo, nami nikampelekea Bwana Qiu nakala kabla ya kuiposti, ili asisikie kwa wengine. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema "asante" kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuwahi kunisemesha. Ofisi ile haikutupa kazi tena. Mwalimu Liang hakuwahi kulitaja jambo hilo, hata miezi ile tulipouza feni.

Tangu hapo nikawa nafuatilia. Miaka imeleta wengi: mbunge hapa, waziri pale, hata wakuu wa serikali, wanawake kwa wanaume, waliosema wazi wanaishi na nani na wakachaguliwa. Kila nikisoma habari ya mmoja wao naanzia kwenye swali lile la garini, walijua kabla au baadaye, na naona waandishi wengi hawaliulizi. Vijana, liulizeni.

Kuhusu Meya wangu, kamati haikunijibu. Siku hizi mambo yote yako mtandaoni, nami nimetafuta kwa lugha tatu na kwa msaada wa mpwa wangu. Mji ule uliunganishwa na jirani yake muda mfupi baada ya barua yangu, na orodha ya mameya iliyowekwa inaanzia siku ya kuunganishwa. Jina lake halimo. Kama alikuwa ameshaondoka, au aliondolewa, au kiti chenyewe ndicho kilichofutwa akiwa bado amekikalia, haikuandikwa. Kumbukumbu za baraza la zamani zimo kwenye masanduku, wameniambia kwa barua pepe, na hazijafunguliwa. Sijui kama nusu ukurasa wangu ulisomwa barazani, au ulifika baada ya kura.